Kitenge Alichokifungia Mama Cecilia

Naam, basi ni kweli, kama tulivyokuwa tukibishana wakati wa chai: ni miaka kumi na tisa, si kumi na minane. Mama Cecilia aliingia karakana yetu ya ushonaji hapa Rosettenville Oktoba 2000, na Ijumaa hii, tarehe 11 Oktoba 2019, ataweka mkasi mezani na kustaafu. Nilipoombwa niandike habari zake kwenye jarida letu, nilikubali kabla sijamaliza kuulizwa.

Mama Cecilia ni mzaliwa wa Morogoro. Huko ndiko alikompenda Thabo, kijana wa Soweto aliyekuwa uhamishoni, na mwaka 1992 akamfuata hadi Johannesburg na mtoto mgongoni na cherehani mkononi. Hadi leo wawili hao hushikana mikono wakivuka kwenye robot, yaani taa za barabarani. Mimi niliyeolewa juzijuzi huwatazama dirishani mpaka wapotee kwenye kona.

Alianza kwa kutia vifungo kwenye sare za shule, akawa mkataji, kisha fundi mkuu. Kwaya nyingi za kusini mwa jiji hili zimeimba ndani ya mikato yake. Akimpima mteja hatamki vipimo. Huviandika kimya, asije mtu akaona aibu kwa kiuno chake.

Mwaka 2015 alikuja muuguzi kutufundisha kuhusu saratani ya matiti. Alileta karatasi na titi la mpira, rangi ya waridi. Hélène wa meza ya kudarizi alilibonyeza akasema, "Eish! Hii ni ya Madame wa Sandton. Ya kwangu haina rangi hii!" Tulicheka sana, kwa sababu wengi wetu tuliamini huo ni ugonjwa wa wazungu. Mama Cecilia peke yake hakucheka. Aliisoma karatasi, akauliza: "Hapa wameandika tutazame wekundu. Kwenye ngozi yangu mimi, wekundu huo nitauona wapi?"

Muuguzi alikiri kwamba swali lile lilistahili kuulizwa zamani. Akaeleza kuwa kwetu sisi wekundu huweza kuonekana kama weusi uliozidi, au ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, au chuchu ikazama ndani.

Wiki hiyohiyo Mama Cecilia aliomba mabaki ya bitana kwa Ilham, mwenye duka la vitambaa kule Mayfair. Alitaka kahawia ya kila namna, kuanzia chai ya maziwa hadi kahawa kavu. Akashona matiti sita, na ndani ya kila moja akaficha punje ya haragwe. Siku moja akayafua na kuyaacha dirishani yakiwa majimaji. Titi moja likaota! Tulicheka mpaka Ignace, mlinzi wetu, akaja mbio kuuliza kuna nini, na hakuna aliyethubutu kumweleza. Tangu hapo anatumia vifungo.

Kila mwanamke aliyeingia nyuma ya pazia la kupimia alipewa titi la rangi yake. "Tafuta kifungo, dada. Hutoki hapa hujakipata." Akikipata, aliambiwa akajitafute mwenyewe nyumbani, kila mwezi, na akikuta kitu asikae nacho.

Agosti mwaka jana aliingia Mama Marthe, msusi tunayemfahamu wote, mama yake Joël wangu. Harusi yetu ilikuwa Desemba, naye alikuja kupimwa sare ya mama wa bwana harusi. Alikipata kifungo mara moja. Hakucheka. Akasema polepole, "Hii naijua. Ya kwangu iko vile vile."

Alikuwa na uvimbe huo tangu Pasaka. Lakini hakutaka kwenda kliniki. "Kwanza ndoa ya mtoto," alisema, "mambo ya daktari itangoja."

Mama Cecilia alikikunja kitenge cha bluu alicholetewa cha kushonea sare hiyo, akakifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Akasema hakikatwi mpaka aone kadi ya kliniki.

"Weye mama wa Tanzania, uko na roho mubaya!"

"Niite utakavyo, wifi yangu. Kitenge hakiozi."

Kwetu, mama wa bwana harusi akikosa sare, ukoo mzima unainamisha kichwa. Nilimlilia Mama Cecilia siku tatu. Nakiri, nilimchukia. Niliona anaivunja harusi yangu kwa ukaidi wake. Siku ya nne Mama Marthe alikwenda kliniki, na aliyekaa naye kwenye benchi tangu asubuhi, akimshikia mkoba, ni huyuhuyu mwenye roho mbaya.

Ilikuwa saratani. Oktoba waliliondoa titi la kushoto. Daktari alisema kama angengoja hadi baada ya harusi, maneno yangekuwa mengine.

Novemba kabati likafunguliwa. Mama Cecilia alipima upya, kimya kama kawaida yake, akashona ndani ya blauzi kifuko laini chenye pamba na punje chache za mtama za kukipa uzito. Nywele zilikuwa zimekwisha kwa dawa, basi kilichobaki cha kitenge kikawa kilemba. Desemba 15 mama mkwe wangu alicheza nyimbo mbili nzima, Joël akimshika upande mmoja na mimi mwingine. Sikuwahi kuona bluu nzuri kama ile.

Juni mwaka huu matibabu yalikwisha. Sasa anaitwa kuangaliwa tu kila baada ya miezi sita, na saluni yake imefunguliwa tena.

Mama Cecilia, asante kwa ukaidi wako. Ufunguo wa kabati na yale matiti sita umeniachia mimi, nami sitamwonea mtu haya. Sisi sote wa karakana tunakuombea siku nyepesi, afya, na Thabo wa kukushika mkono barabarani.

Usiiweke mbali ile cherehani ya nyumbani. Kabla mwezi huu haujaisha, mimi, Joël na Mama Marthe tutabisha hodi kwako Bertrams. Mama anakuja na kitenge chake. Amenenepa, kimembana, na anasema hakuna mwingine wa kukilegeza ila wewe.

Arlène, meza ya vifungo