Cheni Zilizotiwa Birikani

Majaliwa aliketi ukingoni mwa benchi la kahawa karibu na stendi ya Masasi, na cheni mbili mpya mapajani: moja nyembamba, moja nene. Ashraf wa duka la vipuri alimwazima zote ili ashauriwe achague, kwa sharti kwamba zisivuke barabara. Kule Chiwata mashine yake ya kukwangua muhogo ilikuwa imekata cheni alfajiri, wakati akina mama kumi na wawili wameshamenya mihogo yao. Muhogo uliomenywa haungoji. Ukilala hivyohivyo, huoza. Gari la kurudi lilikuwa la saa tisa. Ilikuwa imebaki nusu saa, na wataalamu walikuwa wameshaanza.

— Chukua nyembamba, alisema Injinia, aliyepata jina hilo kwa kuendesha trekta siku mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, kaka?

— Cha nguvu. Pingili ndogo ni nyingi, na wengi wana nguvu.

— Usimpoteze mwenzako, alisema Kipimo, mpima korosho. Nene imeandikwa 520. Inavuta kilo mia tano na ishirini. Hiyo yako ni 428, jihesabie mwenyewe. Majaliwa, mihogo ina kilo ngapi?

— Sijaipima.

— Unakuja mjini na mihogo usiyoijua. Ndiyo maana wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Majaliwa alijaribu kutafuta nani hapo ni mgeni, akaacha.

— Ila namba hudanganya, Kipimo akaendelea. Korosho unaitia majini. Nzuri huzama, mbovu huelea. Fikirini, lete birika.

— Lina kahawa, alisema Fikirini, muuzaji.

— Kahawa ni maji yenye elimu.

Cheni zikaingia birikani, nyembamba kwanza. Vichwa vitatu vikachungulia.

— Zimezama zote, alisema Injinia kwa heshima.

— Zote daraja la kwanza, alisema Kipimo. Basi funga zote mbili. Moja ipeleke, nyingine irudishe.

— Irudishe muhogo mzima?

— Ukijaliwa, na maganda yake.

Mama Isabela alikuwa akipita na ndoo yake, akasimama.

— Shikamoo, mama, alisema Majaliwa.

— Marahaba, mwanangu. Mbona mnapika cheni?

— Tunachagua ya mashine yangu.

— Ile iliyokatika iko wapi?

— Chiwata, mama. Inaning'inia kwenye meno ya mashine.

— Sasa hizi mnazilinganisha na nini?

Stendini gari la Chiwata lilipiga honi, na Majaliwa alikuwa ameinama juu ya birika, akiopoa kwa kijiti kitu kizito, asijue kama ni nyembamba au ni nene.