Mwacheni Mgonjwa Avue Shati Mwenyewe

Fungeni huo mlango, wanangu, mkae, wewe kifungua mimba kulia kwangu na wewe kitinda mimba kushoto, na asikae mtu kule dirishani kama anayesubiri gari. Nimemwambia daktari wa moyo aache kunong'ona na watu kwenye korido. Mimi pia ni daktari, najua moyo uliochoka unavyodunda, na sina hofu. Nilichobakiza ni maneno, na maneno haya ni yenu wawili, maana ninyi ndio mnaoigombea kliniki yangu nami ningali hai.

Mnajua nilikosomea, lakini hamjui kilichonisukuma. Babu yenu, baba yangu mimi, alikuwa mpaka rangi, fundi hodari wa kuta, mpaka bega lake la kulia lilipoganda na mkono ukawa haupandi kupita kifua. Alikwenda hospitali, akapigwa picha, daktari akaiinua ile picha kwenye mwanga, akaitazama sana bila kumtazama mwenye bega, akasema mfupa mzima, nenda nyumbani. Basi baba akawa anapaka nusu ya chini ya ukuta na mama anapanda ngazi kupaka nusu ya juu, watu wakawaita Bwana na Bibi Nusu, nao wakacheka pamoja na watu kwa sababu tulitaka kula. Mimi niliyewabebea ndoo sikucheka. Kilichoniuma ni kwamba pale hospitali hakuna aliyemuuliza baba anafanya kazi gani.

Nikasoma. Nilipoingia mafunzo ya upasuaji wa mifupa, mkuu wetu alinitazama kuanzia juu mpaka chini, na haikumchukua muda kwa sababu mnajua urefu wangu, akasema, "Binti, mifupa inataka misuli, nenda wodi ya watoto." Nikamjibu, "Mzee, misuli tumwachie mchukuzi, mfupa unataka akili." Nikatafuta kigoda, nikasimama juu yake, na juu ya kigoda hicho nimeshona mabega na viwiko mpaka nimeota mvi. Yule mzee nilimchukia miaka mingi. Kisha bega lake mwenyewe likachakaa, akaja kwangu, akawa anapigana na koti lake kulivua, jasho linamtoka, nami nikamwacha mpaka akamaliza, na chuki ikaniisha palepale. Kwa hiyo mkisikia watoto wake wanahitaji msaada, wasaidieni. Ugomvi ule nimeuzika mwenyewe, msiufukue.

Sasa sikilizeni kazi. Mgonjwa akiingia msiikimbilie picha. Mwacheni avue shati mwenyewe, wala muuguzi asimsaidie kabla hajaomba, maana yule anayeinama badala ya kuinua mkono, na yule anayegeuza shingo kwanza, na yule anayemtazama mkewe amfungulie vifungo, kila mmoja amekwisha kusema maradhi yake kabla hajafungua kinywa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, uji msimuulize, lakini bega muulizeni. Muulizeni anataka kufanya nini na huo mkono. Mwingine anataka kubeba gunia, mwingine anataka tu kulala ubavu ule bila kuamka analia, na hao wawili hawatibiwi sawa hata picha zao zikifanana kama mapacha. Na kiwiko mkiogope kidogo, kwa sababu kiwiko kina kinyongo; ukikifunga plasta ukakisahau, kitakununia maisha.

Ndiyo maana nilitengeneza kile chumba chenye kamba ya kuanikia nguo, na rafu ya masufuria, na ubao wa chaki, na kitasa cha mlango kilichogongomelewa ukutani bila mlango, mgonjwa ajaribu humo kazi zake za kila siku. Wewe mwanangu wa kiume unakiita duka la mitumba, unataka ukibomoe uweke chumba cha pili cha upasuaji. Na wewe binti yangu, mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo, umeapa kwamba kikibomolewa unaondoka na wagonjwa wako wote. Nimeyasikia. Kuta za kliniki nimezijenga mimi, zinaniletea habari.

Naujua pia mzizi wa ugomvi wenu. Ni yule mwalimu aliyekuwa hawezi kuandika ubaoni. Kaka mtu ulikwisha kumpangia kupasuliwa kwa sababu picha ilionyesha kano imechanika. Dada mtu ukamwambia asikubali. Mkafokeana kwenye korido mbele ya wagonjwa, na tangu siku hiyo mnapelekeana salamu kupitia kwa karani. Haya, mimi nilimpima yule mwalimu. Kano ilichanika zamani na haikuwa ikimsumbua. Kilichomfunga ni bega kuganda, na leo anaandika mpaka juu ya ubao. Ulikosea, mwanangu. Wewe usitabasamu, binti yangu, kwa sababu yupo na yule golikipa ambaye bega lake lilikuwa linateguka hata akipiga chafya, ukamzungusha kwenye mazoezi mwaka mzima wakati kaka yako anakwambia huyu ni wa kisu, na kisu ndicho kilichomrudisha golini. Mkono mmoja haulei mwana, wanangu, na nimewatazama miaka yote hii: kila mmoja wenu akiwa peke yake ni tabibu mzuri anayekosea kwa kujiamini.

Kwa hiyo nasema, na mwanasheria amekwisha kuandika. Kliniki ni yenu wawili, haigawanyiki, haiuzwi, wala haibomolewi tofali bila wote kukubali. Chumba cha kamba ufunguo wake anashika dada. Chumba cha upasuaji anashika kaka, na hakuna mgonjwa wa kupangiwa kisu kabla hajapita kwa dada, wala wa kuzungushwa kwenye mazoezi bila kaka kumwona. Mkae naye meza moja, mseme kwa maneno anayoyaelewa. Mkipingana, mwambieni kwamba mmepingana, na sababu, kisha achague yeye, kwa sababu bega ni lake. Nyumba yangu, mama yenu mdogo, yule ndugu yangu, ataishi humo mpaka mwisho wake; ameniuguza tangu nilipougua, msimwonyeshe mlango. Kigoda changu hukihitaji, mwanangu, wewe ni mrefu kama mlingoti, lakini kiache palepale chini ya meza, siku moja atakuja binti mfupi mwenye akili.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nililima, na nikawasubiri mpatane. Sasa sina muda wa kusubiri... Nipeni maji. Ahsante.

Nataka kukaa. Niinueni kidogo, nimechoka kutazama dari.

La, la, usinivute mkono! Wewe ni daktari wa mabega, unamvuta mgonjwa mkono? Pitisha wako mgongoni, chini ya bega. Na dada yako upande wa pili vivyo hivyo. Mtu hainuliwi na watu walionuniana, atavunjika katikati. Hesabuni. Kwa sauti, pamoja, kama nilivyowafundisha.

Sijasikia. Kaka umehesabu peke yako. Tena.

Tena, wanangu.

Haya... Moja, mbili, tatu. Nimekaa. Hiyo ndiyo sauti ya wawili niliyokuwa naitaka. Mwaka mzima nimeitaka.

Usilie, baba. Acha, binti yangu, mwache kaka yako alie. Naye analia; mpe dada yako kitambaa, mwanangu, unacho mfukoni.

Njooni niwabariki. Mkono wangu... haupandi tena, angalieni, haufiki hata kifuani. Basi inameni ninyi. Zaidi. Sogezeni vichwa, vigusane, maana mkono ni mmoja na nataka uwatoshe.

Hivyo. Mungu aitulize mikono yenu. Awape masikio kabla ya macho. Aumwaye akija kwenu... asitoke bila kuulizwa.

Msiinuke bado. Kaeni hivyohivyo kidogo... vichwa pamoja.