Mama Généreuse na Kile Kichwa cha Chuma

Ndugu na jamaa, mimi ni Achille Namegabe, mudogo wa marehemu. Wakubwa wa familia walisema hawataweza kusoma bila kulia, basi karatasi ikaniangukia mimi niliyekuwa namuchokoza kuliko wote. Atakayeona nimeongeza kitu, tuonane kisha mazishi.

Mama Généreuse Baharanyi alizaliwa Walungu, upande wa Bukavu, tarehe 14 Machi 1961, mutoto wa tatu kati ya saba. Akiwa na miaka minne alifungua serrure, ile kufuli ya sanduku la baba, ili aone kinacholia ndani, kisha akashindwa kuirudisha. Baba hakumuchapa. Alikaa naye chini siku nzima mpaka wakairudisha pamoja, na mvua ikanyesha juu ya maharage yaliyoanikwa inje.

Alisoma primaire kwa masista wa Walungu, na sekondari Bukavu, ambako alipata diplôme d'État mwaka 1980. Mwaka uliofuata alikuja Goma kwa shangazi yetu, akawa karani katika depo ya vyuma vya ujenzi. Mwaka 1990 alifungua meza yake mwenyewe ya vyuma sokoni Birere.

Hapo katikati kuna habari ya ndoa. Mwaka 1986 mwalimu mumoja wa géographie, Papa Cubaka, alifika depo na kipande cha poignée, kishikio cha mulango, akaomba aambiwe ni cha nini. Akaambiwa. Kesho yake akaleta bawaba. Juma lililofuata akaleta ulimi wa serrure. Dada akamuuliza, «Mwalimu, nyumba yako ina milango mingapi?» Papa Cubaka akainamisha kichwa. Alikuwa anafungua vyuma vya milango yake mwenyewe, na wakati huo alikuwa analala na meza imeegemea mulangoni. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, na zawadi yetu ikawa serrure mbili mpya.

Januari 2002 moto wa volkano ulifunika meza yake. Watu walipoanza kuokota vyuma kwenye mabaki ya nyumba zao walimuletea: «Mama, hii ni ya nini?» Kuanzia pale ndiyo ikawa kazi yake hasa. Alikuwa anasafisha kipande na petroli, anakigeuza kwenye mwanga, anatafuta mahali palipong'aa kwa kuguswa. Kisha aliuliza swali lake, lilelile kila siku: «Kinafunga nini?» Asipojua, alisema «bado», akaandika jina la mwenye kitu na tarehe, akatia vyote ndani ya kopo la maziwa. Hakuwa mutu wa kubahatisha. Siku moja nilimwambia mteja kwamba chuma chake ni cha kinga, yaani baiskeli, ili aende zake. Dada alinikimbiza mpaka rond-point, pale barabara zinapozunguka, nikamuombe radhi yule papa mbele ya watu.

Agosti 2023 alikuja Papa Théoneste Havugimana, mutu wa Rutshuru, aliyekimbia vita na kukaa kambini upande wa Munigi. Alifungua kitambaa, akatoa chuma cha urefu wa kidole, chenye tundu katikati, na juu yake kichwa kidogo cha mwanamuke aliyevaa kofia. Mama yake, Athanasie, alifanya kazi za nyumbani kwa mwenye shamba la kahawa tangu usichana. Nyumba ile ilipobomolewa alirudi na chuma hicho tu, akakifunga kwenye kikwembe, kitambaa chake cha kiunoni, mpaka kufa. Majirani walipokiona walisema ni sanamu ya uchawi, na siku ya kumuzika walikuja watu sita.

«Mama Généreuse,» alisema, «sitafuti kukiuza. Nataka mutu ajitokeze aseme ni kitu gani, ili mama yangu asiitwe mchawi.»

Dada akamuahidi, naye akatuachia kile chuma. Tulizunguka nacho. Sista mumoja alidhani ni mtakatifu. Fundi wa mizani alikataa, akasema si cha kazi yake. Mimi nilisema ni mudoli wa wazungu, nikafukuzwa mezani. Swali la kinafunga nini halikupata jibu. Mwaka 2024 maladi ya sukari ikamunyang'anya macho, na tangu hapo alikuwa anakishika kila jioni, anakipapasa. Mwanzoni mwa 2025 watu wakatoka kambini, na namba ya simu ya Papa Théoneste haikupita tena. Jambo hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa, na mimi liliniuma kumuona hivyo.

Aliingia hospitali tarehe 2 Oktoba 2025, katika jengo la zamani lenye volet, ile milango midogo ya mbao inayofunika dirisha. Tarehe 6 upepo wa ziwa ulikuwa unazipiga ukutani. Muuguzi wetu, Bénédicte, akatoa mukono inje, na kelele zikakwisha.

«Umezishika na nini?» dada akauliza.

«Na kachuma ka ukutani, mama. Kako na kichwa. Unakainua, kanazuia volet isirudi.»

Akadai nimuinue. Nikapitisha mukono wake dirishani, akapapasa kofia, pua, shingo. Akacheka mpaka akakohoa.

«Achille, miaka miwili naulizaka kinafunga nini. Hakifungi kitu. Ni cha kuacha dirisha wazi. Umwambie Théoneste. Umwambie mbele ya watu.»

Alituaga tarehe 9 Oktoba, saa kumi na mbili ya asubuhi, Papa Cubaka akiwa amemushika mukono.

Ameacha mume, Papa Cubaka, watoto wawili, Élodie na Ange, wajukuu watano, ndugu wanne, mimi nikiwemo, na kopo lenye vipande kumi na moja ambavyo jibu lake ni bado.

Papa Théoneste, kama uko hapa, kitu chako kiko mufukoni mwangu. Kama hauko, wote mnaomufahamu mumupelekee hii karatasi. Mama Athanasie wa Rutshuru hakuwa mchawi. Alikuwa anafungua madirisha asubuhi katika nyumba ya watu, na akabaki na kile kilichoyashika. Tuko zaidi ya mia mbili hapa, na sote tumesikia.

Dada, nimemwambia. Sasa pumzika kwa amani.