Ngamia wa Idman

Kijiwe chetu cha Galbet kipo nyuma ya duka la dawa za mifugo, na kahawa yake ina tangawizi ya kutosha kumwamsha maiti. Alasiri hiyo Jelle alikuja amenyong'onyea. Mjukuu wake Idman, wa miaka sita, alikuwa akitokwa na vipele, na maabara ilikuwa imemchoma matone manne ya kupima mzio mkononi, moja likavimba. Kwa hiyo ngamia ambaye Jelle alimtengea mtoto huyo siku alipozaliwa, kama ilivyo desturi yetu, alikuwa njiani kupelekwa Balambala, mbali na mtoto.

— Maziwa yake yanamdhuru, alisema Jelle. Tone la ngamia ndilo lililovimba.

— Kuna kitu kinaitwa histamini, nikasema. Nilikisoma kwenye kijitabu. Mwili hukitengeneza wenyewe. Kikimwagika, ngozi huwasha na pua hutiririka.

— Hiyo ni hasira tu, wallahi! alidakia Kulow, tunayemwita Profesa kwa kuwa alilinda lango la hospitali miaka tisa. Ngamia akitukanwa, hasira inaingia kwa maziwa.

— Nani amtukane? nikauliza.

— Basi ni mnara wa simu. Si ngamia analala chini yake?

— Profesa, hata wewe hilo lango ulililinda umelala.

Tulicheka, isipokuwa Jelle.

Faiza, binti wa maabara, alikuwa amefika kununua kahawa. Alitusikiliza kidogo, kisha akasogea, akamsalimu Jelle kama ami yake.

— Asalaam alaykum, adeer Jelle. Yale matone uliyahesabu kutoka upande gani?

— Kulia. Kama tunavyosoma Kitabu.

— Karatasi yetu huanzia kushoto. Maziwa ya ngamia ndiyo ya kwanza, yalikuwa kushoto kabisa. Pale ngozi ilikuwaje?

— Laini, alijibu Jelle polepole.

— Lililovimba, la mwisho, ni histamini. Humvimbisha karibu kila mtu. Tunaitia ili tujue ngozi inajibu. Uliondoka na mtoto kabla hatujakusomea. Kesho mlete, daktari atafute chanzo kingine.

Jelle aliweka kikombe chini.

— Nilimwambia Idman ngamia hamtaki tena.

— Sasa utamwambia nini, adeer?

Jelle alikuwa ameshasimama, simu sikioni, akimpigia mchungaji aliyekuwa njiani na ngamia.

— Nunow, mgeuze huyo ngamia. Ndiyo, sasa hivi. Mlete mpaka mlangoni, umfungue kamba. Mtoto amwone akiingia mwenyewe.