Mkono Ulioshonwa Tumboni

Leo ni Jumanne, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi imeamka na manyunyu na baridi kidogo. Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka mchapaji aliyetutoka juzi. Wengi mlimwita Kitambi, ingawa alikuwa mwembamba kama ufito. Kitambi kilikuwa kiganjani.

Sikilizeni ilivyokuwa. Wachapaji wana haraka yao: hufuta wino kwenye rola huku mashine inazunguka. Naye alifanya hivyo. Rola zikavuta kitambaa, zikavuta na mkono wa kulia. Ngozi ya kiganja ikabaki mashineni.

Daktari wa upasuaji akainua kipande cha ngozi na nyama tumboni, bila kukikata kabisa, akakishonea kiganjani. Ili kipande kipate damu, mkono ulipaswa kukaa hapo wiki tatu. Narudia: mkono wake ulishonwa tumboni mwake.

Hakuweza kugeuka kitandani. Hakuweza kupiga chafya kwa raha. Kiwiko cha kushoto kikimwasha, alimwita mkewe. Siku moja sahani ikaanguka, mkono ukaruka kuidaka. Nyuzi zikakatika, damu ikatoka.

"Ukiuvuta tena, kipande kitakufa," daktari alimwambia akimshona upya.

"Basi ukate mkono wenyewe, daktari. Nimechoka kuwa mfungwa wa tumbo langu."

Mkewe akadakia: "Ukatwe, halafu mimi mwavuli anishikie nani, baba watoto?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka, tumbo likimuuma. Kisha akalia. Mkewe akamwombea palepale, kwa sauti. Baada ya amina, mume alitoa ahadi, wagonjwa na wauguzi wakisikia.

Aliitimiza. Kipande kikashika, mkono ukatenganishwa na tumbo. Alirudi kwenye mashine, na tangu hapo aliizima kwanza kila alipotaka kuifuta. Tena nyama ya tumbo haikusahau kwao: alipokula vizuri, kiganja kilinenepa.

"Baba, mkono umeota kitambi!" binti yake alimtania. Jina likaanzia hapo.

Mama, binti, poleni sana. Mungu awashike mkono. Na wewe msikilizaji uliyebanwa leo mahali usipoweza kugeuka, kitandani au moyoni, tafakari nasi. Mjane ametuomba tumalizie na ahadi ile ya wodini:

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote mlionicheka: mkono huu sitauvuta. Leo sitauvuta. Kesho mniulize tena."