Bwana Kipimo, Mlinzi wa Kisima cha Kisiwani

Ndugu, jamaa na majirani, nanyi wenzake wa kituo cha utafiti mliovuka asubuhi hii kuja kumsindikiza, mimi ni mdogo wake wa mwisho, nimepewa kazi ya kusoma habari zake kwa sababu wenzangu wameshindwa, na sina hakika kama mimi mwenyewe nitafika mwisho, basi mnivumilie.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Kipimo, alizaliwa kisiwani tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo jirani na kisima pekee cha maji matamu kisiwani pale. Alisoma shule ya msingi huku ng'ambo, akikaa kwa shangazi yetu, mwanamke ambaye hakuwa na mchezo, kisha akajifunza ufundi bomba mjini hadi mwaka 1974, na tangu hapo hakuweza kupita penye bomba linalovuja bila kusimama, hata siku ya harusi yake, tarehe 7 Agosti 1976, bibi harusi alingoja huku bwana harusi yuko magotini na suti yake, anakaza nati ya watu.

Mwaka uliofuata walijaliwa binti, kifungua mimba wao, na mwezi Mei 1978, kabla hajatimiza mwaka, mtoto yule aliharisha akatutoka, wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na kisima, kama sote tulivyokuwa tukiwazika watu wetu.

Kituo cha utafiti kilipofunguliwa kisiwani mwaka 1981 aliajiriwa kufunga matangi, akabaki huko maisha yake yote ya kazi. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye paa la bati, chumba kimoja kimejaa vitanda, kingine kimejaa chupa zilizobandikwa karatasi, na harufu ya spiriti iliingia hadi kwenye chai, na kila asubuhi kabla ya hiyo chai aliteremsha kamba ya kupimia kisimani, akajaza chupa, akampelekea mtafiti mkuu, mama mmoja mpole, ambaye ndiye aliyemweleza kwamba chini ya kisiwa maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, tabaka jembamba tu, na kwamba kila shimo tunalochimba, la choo au la kaburi, uchafu wake unashukia humo humo. Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa kizingitini, hakula, kwa maana alikuwa ameelewa kilichomuua mwanawe.

Alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, wakamfukuza, wakamwita kibaraka, wengine wakasema huyu sasa atatupimia hata pumzi, ndipo jina likamganda, lakini hakukata tamaa, na tarehe 2 Novemba 1991 mkutano wa wanakisiwa, yeye akiwa mwenyekiti, ulikata shauri kwamba vyoo vya mashimo vifukiwe, na maiti wote wavushwe kuzikwa huku ng'ambo, bila kubagua. Watoto waliacha kufa kwa kuhara, wakakua, na baadhi yenu mmesimama hapa leo na vitambi vyenu.

Shemeji yetu alifariki tarehe 19 Februari 2009, na kabla ya kufa aliomba jambo moja tu, alazwe kando ya kifungua mimba wake. Kaka alikataa. Alisema akimruhusu mkewe, kesho hatakuwa na mdomo wa kumkatalia jirani, akamvusha, akamzika hapa hapa tuliposimama, na binti yao wa pili, ambaye ni muuguzi, alimwambia mbele yetu sote kwamba ana moyo wa jiwe, akaacha kukanyaga kisiwani na hata simu hakumpigia kwa miaka mingi. Ila sisi tuliokuwa karibu tulimwona kaka jioni akilifagia lile kaburi dogo, akiongea peke yake, na ukimsogelea anajifanya anatafuta spana.

Mwaka 2020 figo zilianza kumsumbua, akaletwa mjini kwa matibabu, na aliyempokea, akampikia uji, akamshika mkono kwenda bafuni, ni binti huyo huyo, wakaishi nyumba moja wakizungumza habari za dawa na mvua, lile jambo hakuna aliyeligusa, hadi alfajiri ya tarehe 6 Juni 2023 alipokata roho mkononi mwake.

Jana wanakisiwa walikutana kituoni, wakanyoosha mikono wote, kwamba Bwana Kipimo peke yake alegezewe sharti, azikwe kando ya mwanawe. Tulifurahi, tusifiche, mimi nilikuwa nimeshatafuta majembe. Ndipo binti yake akavuka, mara ya kwanza tangu msiba wa mama yake, akasimama mbele ya mkutano, akawashukuru, akasema hapana. Alisema baba yake alimkatalia mama huku roho inamuuma, na kwamba tukimpa yeye leo, tutakuwa tumesema mama alinyimwa bure. Nikayarudisha majembe. Baadaye tulimkuta nyuma ya nyumba, ameshika ufagio.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kituo, ambao wamevusha madumu ya maji tutakayokunywa hapa leo, yametoka kisima kile, yamepimwa asubuhi, na aliyeteremsha kamba ni binti yake.

Pumzika kwa amani, kaka, hapa kando ya mkeo. Mtoto tutamfagilia.