Siku Niliyosema Simjui Baba

Hapana, mama mdogo, hapo sikubali. Unasema mtoto wa miaka saba halaumiwi. Mimi nilikuwa na akili zangu zote, nikasema nikijua ninachosema. Niacheni nimalize, kunitetea baadaye.

Baba yangu alikuwa Mngazija, fundi cherehani. Kibaraza chake baadhi yenu mnakikumbuka. Mimi kutwa nipo chini ya cherehani, naokota vipande vya vitambaa. Mguu ukimchoka ananiambia, "Haya fundi mdogo, sukuma," nami nakandamiza pedeli kwa mikono miwili. Mpaka leo nikinusa nguo mpya, roho yangu inarudi palepale.

Nilipokuwa na miaka minne akaenda kwao, kisiwani Ngazija, kumzika baba yake. Vita vikuu vikamfungia huko, meli hazipiti. Huku nyuma mama akafariki, bibi mzaa mama akanichukua.

Miaka mitatu ikapita, baba akarudi kunifuata. Mji ukachafuka! Wangazija wakasema mtoto ni wa baba, na baba ni raia wa Mfaransa. Watu wetu wakasema kazaliwa huku, ni wa huku, Mfaransa asahau. Barua zikamiminika kwa Bwana DC. Mjomba akashuka na kundi la watu kutoka Zinga, wamekunja mikono ya kanzu. Hata vitumbua alivyouza bibi viliingia siasa: Wangazija hawavigusi, watu wetu wanavila hata wakishiba. Na mimi? Hakuna aliyeniuliza hata nimeamkaje.

Liwali akasema mtoto kafika umri wa kuchagua, aletwe barazani. Baba akaja na gauni la maua mekundu alilonishonea mwenyewe. Bibi akanivalisha mbele za watu. Likaninasa mabegani, halipandi, halishuki.

"Fundi gani huyu," mjomba akapaza sauti, "hajui hata kimo cha mwanawe!"

Baraza zima likaangua kicheko. Baba akaanza, "Liwali, hilo gauni..." Kelele zikamfunika.

Liwali akawanyamazisha, akaniinamia. "Mwanangu, unamjua huyu?"

Nilimjua, ndugu zangu! Hata lile kovu la sindano kwenye kidole chake nalijua. Lakini niliona haya kuchekwa pamoja naye. Nikasema, "Simjui."

Baba hakubishana. Aliniangalia, akaondoka, akarudi kwao. Mimi nikabebwa mabegani mpaka nyumbani.

Barua zake alizileta jirani yetu Mngazija, nami nazitia motoni bila kuzifungua. Nilipofika shule ya bweni nikawa mkali kama pilipili. Mtu akiuliza tu, "Baba yako yuko wapi?" tunapigana. Nusura nifukuzwe.

Siku moja mwalimu wa ushonaji akataka tulete nguo kuukuu tuzifumue. Nikapeleka lile gauni, bibi alikuwa kalitunza sandukuni, nia yangu nilichane. Nafumua ubavuni, nakuta ndani upindo wa vidole vinne. Mabegani vilevile. Chini limekunjwa mara tatu.

Mwalimu akaligeuza. "Aliyeshona hili hakujua mtoto kakua kiasi gani. Kaacha nguo ndani, lifumuliwe kila akikua."

Nikakaa sakafuni nikalia. Ndilo neno alilotaka kusema pale barazani.

Namshukuru mwalimu yule, hakunihimiza ninyamaze. Namshukuru jirani: aliponiona nachoma barua, akaacha kuniletea, akaziweka mwenyewe. Mbili zimebaki, nimezisoma, na jirani kanihakikishia. Baba yu hai. Na bibi yangu, huyo amekaa mkekani, nilipomweleza aliniambia, "Nilijua unamjua, mjukuu wangu. Niliogopa kubaki peke yangu." Bibi, tumeshasameheana.

Mama zangu, nawaambia, watu wakigombania mtoto, mmoja wenu amkalishe kando amuulize anakumbuka nini.

Lile gauni nimelifumua mishono yote, nimepata blauzi, inanitosha. Kesho asubuhi naivaa, naenda bomani kuomba pasi ya Ngazija. Karani akiniuliza huko kwa Mfaransa namjua nani, safari hii nitamjibu.